Jinsi ya Kuchunguza Sera ya Soko katika Elimu na Athari Zake kwa Usawa wa Kijamii

Serikali inapotangaza kwamba shule zitashindana, kwamba ruzuku itamfuata mwanafunzi popote aendako, au kwamba wazazi watachangia sehemu ya gharama ili huduma iboreke, mjadala unaofuata huwa wa itikadi tupu. Upande mmoja husifu uhuru wa kuchagua, upande wa pili hulaani biashara ya elimu, na wote huondoka bila kujua ni mtoto gani atakayefaidika na ni yupi atakayeumia. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayetaka kulijua hilo: mjumbe wa kamati ya shule, mwandishi wa habari, mwanafunzi wa chuo anayeandaa tasnifu, au diwani anayetakiwa kupiga kura. Hauhitaji shahada ya uchumi. Unahitaji subira ya kusoma kanuni ndogo ndogo za sera, kwa sababu, kwa maoni yangu, usawa hujengwa au hubomolewa humo, katika vifungu vya udahili, ada na takwimu, na jina la sera halikwambii mengi.

Ivunje sera vipande kabla ya kuihukumu

Wazo lenyewe si geni. Mwanauchumi wa Marekani Milton Friedman alilieleza katika makala ya mwaka 1955: serikali iendelee kugharamia elimu lakini iache kuiendesha yenyewe, na mzazi apewe hati ya malipo, yaani vocha, aipeleke katika shule aipendayo. Chile ilianza kulipa shule kwa kichwa cha mwanafunzi mwaka 1981, chini ya utawala wa kijeshi wa Augusto Pinochet. Uingereza ilipitisha Sheria ya Mageuzi ya Elimu mwaka 1988, New Zealand ikafuata mwaka 1989, mji wa Milwaukee nchini Marekani ukaanzisha vocha zake mwaka 1990, na Uswidi ikafungua milango kwa shule binafsi zinazolipwa na umma mwaka 1992. Katika nchi nyingi za Afrika soko liliingia kwa njia nyingine, yaani uchangiaji gharama wa miaka ya 1980, uliokwenda sambamba na mipango ya marekebisho ya uchumi iliyoungwa mkono na Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa.

Sera hizi zote huitwa za soko, ila zinatofautiana mno kiasi kwamba kuzihukumu kwa pamoja ni kupoteza muda. Kazi ya kwanza ya mchunguzi, basi, ni kuchukua waraka wa sera na kuujibia maswali machache kwa maandishi. Nani analipa, na analipa kiasi gani kwa kila mtoto? Je, shule inaruhusiwa kutoza chochote juu ya ruzuku? Nafasi zikiwa chache, nani anaamua mtoto yupi aingie? Mwendeshaji anaruhusiwa kuchukua faida? Je, mtoto anayegharimu zaidi kufundishwa, kama mwenye ulemavu au anayetoka katika kaya maskini, analeta fedha zaidi? Na matokeo ya shule yanatangazwa kwa kipimo gani?

Tazama jinsi majibu yanavyoweza kutofautiana. Nchini Chile, kwa muda mrefu ruzuku ilikuwa haiangalii hali ya mtoto, shule binafsi zenye ruzuku ziliweza kuchuja waombaji na kuchukua faida, na mageuzi ya mwaka 1993 yalipanua nafasi ya kuwatoza wazazi ada ya nyongeza. Nchini Uswidi faida inaruhusiwa, lakini ada hairuhusiwi. Nchini Kolombia, mpango ulioanzishwa mwaka 1991 uliwalenga wanafunzi wa sekondari kutoka mitaa ya watu wa kipato cha chini peke yao, na pale waombaji walipozidi nafasi, vocha ziligawiwa kwa bahati nasibu. Zote tatu ni vocha. Mtu anayesema vocha huongeza utengano na mtu anayesema vocha humkomboa maskini wanaweza wote wawili kuwa na ushahidi mkononi, kila mmoja kutoka nchi yake.

Fuata fedha hadi darasani

Baada ya kuijua mifupa ya sera, fuata fedha, na usiishie kwenye bajeti ya taifa. Kanuni ya fedha kumfuata mwanafunzi husikika ya haki kabisa: shule yenye watoto wengi ipate zaidi, yenye wachache ipate pungufu. Tatizo ni kwamba gharama za shule hazipungui kwa mwendo uleule. Chukua shule yenye wanafunzi 400 katika madarasa kumi. Wakiondoka 40, wanne kutoka kila darasa, mapato yanashuka kwa asilimia 10, lakini bado inahitaji walimu kumi, paa lilelile, mlinzi yuleyule na umeme uleule. Kitakachokatwa ni vile vinavyoweza kukatwa: vitabu, maabara, mwalimu wa muziki, ukarabati wa vyoo. Mwaka unaofuata shule inaonekana dhaifu zaidi, wazazi wengine wenye uwezo wanaihama, na waliobaki wanasoma katika mazingira yaliyozorota bila mtu yeyote kuamua kwamba yazorote. Katika uchunguzi wako, omba hesabu za shule zilizopoteza wanafunzi, siyo zile zilizowapata tu. Waendeshaji wa sera hupenda kuwapeleka wageni katika shule zilizofanikiwa.

Halafu orodhesha kila kitu ambacho kaya hulipa. Ada iliyotajwa katika waraka ni sehemu moja. Sare, usafiri, vitabu, mitihani ya majaribio, michango ya ujenzi na masomo ya jioni ni sehemu nyingine, na mara nyingi jumla yake huizidi ada. Andika jumla hiyo kama asilimia ya kipato cha kaya maskini na kama asilimia ya kipato cha kaya yenye nafuu. Gharama iliyo sawa kwa wote kwa tarakimu haiwi sawa kwa uzito, na hapa ndipo uchangiaji gharama ulipoangukia. Malawi ilifuta ada za shule za msingi mwaka 1994, Uganda ikafanya hivyo mwaka 1997, Tanzania ikaziondoa tena mwanzoni mwa miaka ya 2000 na Kenya mwaka 2003. Kila mahali idadi ya watoto iliruka ghafla. Nchini Kenya, uandikishaji katika shule za msingi ulipanda ndani ya mwaka mmoja kutoka takriban milioni 5.9 hadi takriban milioni 7.2. Watoto hao hawakuzaliwa mwaka huo. Walikuwepo wakati wote, na bei ndiyo iliyokuwa imewazuia mlangoni.

Ni haki kuongeza jambo ambalo watetezi wa elimu bila ada hulipita haraka. Watoto walipoongezeka bila walimu na madarasa kuongezeka kwa kasi ileile, msongamano uliwafanya wazazi wengi wenye uwezo kuwahamishia watoto wao shule binafsi. Kwa hiyo hata sera iliyokusudiwa kuliondoa soko inaweza kulilisha, ikiwa fedha hazikufuata ahadi. Mchunguzi makini hataiacha hali hiyo nje ya taarifa yake eti kwa kuwa inaharibu hoja nzuri.

Uliza nani anamchagua nani

Hili ndilo swali ambalo ningelipa muda mwingi kuliko mengine yote. Nadharia inasema mzazi huchagua shule, shule hushindana kumvutia, na ushindani huinua ufundishaji. Katika soko la kawaida muuzaji hajali mnunuzi ni nani ilmradi alipe. Elimu haiko hivyo, kwa sababu mwanafunzi ni mnunuzi na wakati huohuo ni sehemu ya bidhaa: mtoto aliyekwisha kuandaliwa vizuri nyumbani hupandisha wastani wa shule, huwavutia wazazi wengine, na hugharimu kidogo kumfundisha. Shule inayotafuta sifa ina njia mbili, kufundisha vizuri zaidi au kupata watoto walio rahisi kufundisha, na njia ya pili ni ya haraka na ya bei nafuu. Ikiwa kanuni hazikuifunga, shule nyingi zitaipita, hata zile zinazoongozwa na watu wema.

New Zealand ni mfano wa kusomwa kwa makini. Mwaka 1991 nchi hiyo iliondoa utaratibu wa kuwapangia watoto shule kwa kufuata makazi, ili mzazi achague kwa uhuru. Shule zilizopendwa zilijaa upesi, na shule iliyojaa iliweza kujiwekea utaratibu wake wa kuamua nani aingie. Uhuru wa kuchagua ukawa umehama kutoka kwa mzazi kwenda kwa shule. Kufikia mwaka 2000 sheria ilibadilishwa na kurudisha haki ya mtoto kupokewa katika shule ya eneo lake.

Mchujo hauji daima kwa sura ya mtihani wa kuingia, na kwa sababu hiyo inakupasa kuutafuta mahali ambapo haujaandikwa. Usaili wa wazazi ni mchujo. Fomu ndefu inayotakiwa kujazwa mapema kabla ya muhula ni mchujo dhidi ya familia inayohamahama au isiyojua kusoma. Nchini Uswidi shule nyingi za binafsi zilizojaa hupokea watoto kwa foleni, na foleni hiyo huweza kuanza mtoto angali mchanga. Haitozi hata senti moja, lakini humpendelea mzazi aliyezaliwa nchini, anayejua taratibu, na asiyehama, dhidi ya mhamiaji aliyefika juzi. Makazi nayo ni mchujo. Nchini Uingereza na Marekani imeonekana mara kwa mara kwamba nyumba zilizo karibu na shule yenye sifa huuzwa kwa bei ya juu, hivyo ada iliyofutwa langoni hulipwa katika bei ya nyumba. Na usafiri je? Mzazi asiyeweza kumpeleka mtoto katika shule iliyo mbali amepewa haki ya kuchagua kwenye karatasi.

Upo pia mchujo wa kutokea nyuma, yaani kuwatoa watoto waliokwisha kuingia: kuwakaririsha darasa, kuwashauri wazazi kwamba shule hii haimfai mtoto wao, kuwafukuza wenye utovu mdogo wa nidhamu karibu na mwaka wa mtihani. Linganisha idadi ya wanafunzi walioanza na idadi ya waliofanya mtihani wa mwisho, darasa kwa darasa. Pengo likiwa kubwa kuliko la shule jirani, dai maelezo, na uulize waliondoka wakaenda wapi.

Kanuni zinaweza kubana mianya hii. Sheria ya Haki ya Elimu ya India ya mwaka 2009 inazitaka shule binafsi kutenga angalau robo ya nafasi za darasa la kuanzia kwa watoto wa makundi yaliyo pembezoni na kaya maskini, huku serikali ikirudisha gharama kwa kiwango maalumu. Bahati nasibu ya wazi kwa shule zilizojaa ni njia nyingine, na ya bei rahisi. Unapoichunguza sera, tafuta kama kinga za namna hii zipo, halafu tafuta kama zinatekelezwa. Kifungu kisicho na msimamizi hakimlindi mtu.

Pima utengano kwa tarakimu

Mpaka hapa umekusanya sababu za kushuku. Sasa unahitaji namba. Kipimo kinachotumika sana kinaitwa fahirisi ya utengano, na unaweza kukikokotoa kwa kalamu na karatasi. Kwa kila shule, tafuta ni sehemu gani ya watoto maskini wote wa eneo inasoma hapo, kisha ni sehemu gani ya watoto wasio maskini inasoma hapo. Toa moja kwa nyingine, ukipuuza alama ya kuondoa. Jumlisha tofauti za shule zote, kisha gawanya kwa mbili.

Tuseme eneo lina shule nne, kila moja na watoto 100, na katika jumla ya watoto 400, maskini ni 100. Kabla ya sera, maskini wamekaa 30, 25, 25 na 20. Shule ya kwanza ina asilimia 30 ya maskini wote na asilimia 23.3 ya wasio maskini, maana ina 70 kati ya 300; tofauti ni 6.7. Shule mbili za kati hazina tofauti, na ya nne ina tofauti ya 6.7. Jumla ni 13.3, nusu yake ni karibu asilimia 7. Miaka kadhaa baada ya sera, maskini wamekaa 70, 20, 8 na 2. Rudia hesabu na utapata tofauti za 60, 6.7, 22.7 na 30.7, ambazo jumla yake ni 120 na nusu yake ni asilimia 60. Maana yake ni kwamba watoto sita katika kila kumi walio maskini wangelazimika kuhama shule ili mgawanyo uwe sawa kila mahali, ilhali hapo mwanzo haikufika hata mmoja katika kumi.

Utatumia kigezo gani kumtambua mtoto maskini? Tumia kilichopo, ilmradi kiwe kilekile kabla na baada: elimu ya mama, ruzuku ya chakula, vifaa vilivyomo nyumbani, au orodha ya kaya zinazosaidiwa na serikali. Pia kokotoa utengano wa makazi kwa kutumia vitongoji badala ya shule. Utengano wa shule ukiwa sawa na ule wa makazi, huenda sera haina hatia kubwa na tatizo linaanzia katika ardhi na nyumba. Ukiwa mkubwa zaidi, shule zinaongeza chumvi yao juu ya ile ya mitaa.

Usidanganywe na wastani wa ufaulu

Orodha za ufaulu wa shule, ambazo Uingereza ilianza kuzichapisha kitaifa mwaka 1992 na ambazo nchi nyingi zimeziiga, ndizo taarifa zinazosomwa zaidi na ndizo zinazopotosha zaidi. Chukua shule mbili, kila moja na nusu ya wanafunzi wanaopata alama 80 na nusu wanaopata 40. Wastani wa kila shule ni 60. Wote wa 80 wakikusanyika shule ya kwanza na wote wa 40 ya pili, orodha itaonyesha shule moja imepanda kwa alama 20 na nyingine imeporomoka kwa 20. Hakuna mtoto hata mmoja aliyejifunza zaidi. Hata hivyo mwalimu mkuu mmoja atapewa tuzo, mwingine atahamishwa.

Hivi ndivyo wachunguzi wa Chile walivyolazimika kufikiri. Mwaka 1981 karibu wanafunzi wanane katika kila kumi walisoma shule za umma. Miongo mitatu baadaye hawakufika wanne. Shule binafsi zenye ruzuku zilionyesha wastani wa juu, na watetezi wakaona jibu limepatikana. Chang-Tai Hsieh na Miguel Urquiola, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, waliuliza swali tofauti: je, maeneo ambako shule binafsi zilikua kwa kasi yaliendelea zaidi, yakichukuliwa kwa ujumla, umma na binafsi pamoja? Hawakuona ushahidi kwamba wastani wa eneo zima uliinuka, bali waliona wanafunzi bora wakizihama shule za umma. Swali hilo la eneo zima liwe lako pia. Shule moja kupanda si hoja mpaka ujue shule jirani zimefanya nini.

Namba ya pili unayopaswa kuitafuta ni maendeleo ya mtoto mmoja mmoja, kutoka alama alizoingia nazo hadi alizotoka nazo. Kipimo hiki kina kasoro zake, maana mtoto wa familia yenye vitabu huendelea haraka hata likizoni, lakini ni cha haki kuliko alama ya mwisho peke yake.

Ushahidi ulio bora kabisa hupatikana pale nafasi zilipogawiwa kwa bahati nasibu, kwa kuwa walioshinda na walioshindwa hawatofautiani katika lolote isipokuwa bahati. Nchini Kolombia walioshinda vocha walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa takriban pointi 10 za asilimia, wa kumaliza darasa la nane, hasa kwa sababu walikariri madarasa mara chache. Mjini Boston, walioshinda nafasi katika shule za umma zinazoendeshwa kwa mkataba maalumu na zilizojaa waombaji walipata maendeleo makubwa katika mitihani. Katika jimbo la Louisiana, walioshinda vocha za kwenda shule binafsi walishuka katika hisabati. Nayataja yote matatu makusudi. Mtu akikutajia moja tu, jua amekwisha kuamua. Kumbuka pia kwamba bahati nasibu inakueleza habari za walioomba, na haisemi neno juu ya wale ambao wazazi wao hawakuomba kabisa, ambao katika suala la usawa ndio wenye uzito mkubwa.

Liberia inatoa funzo jingine la namna ya kupima. Mwaka 2016 serikali ilikabidhi shule 93 za umma kwa waendeshaji binafsi bila kuwatoza wazazi ada, na shule hizo ziliteuliwa kwa bahati nasibu ili zilinganishwe na nyingine. Watafiti walifanya jambo la busara: waliwafuatilia watoto waliokuwa katika daftari kabla ya makabidhiano, popote walipokwenda baadaye. Baada ya mwaka mmoja, watoto wa shule zilizokabidhiwa walikuwa wamejifunza zaidi. Lakini matumizi kwa kila mtoto yalikuwa makubwa zaidi pia, na mwendeshaji mmoja aliweka ukomo wa wanafunzi kwa darasa, hatua iliyowatoa baadhi ya watoto shuleni mwake. Kama kipimo kingefanywa kwa waliokuwemo darasani siku ya mtihani, waliotolewa wasingeonekana kabisa. Kwa hiyo anza na daftari la zamani, kila mara.

Jambo la mwisho kuhusu alama: zinapofungwa pamoja na fedha na ajira, hushawishi udanganyifu. Katika mji wa Atlanta nchini Marekani, uchunguzi wa serikali ya jimbo uliotolewa mwaka 2011 uliwataja walimu na wasimamizi 178 katika shule 44 kwa kuhusika na ubadilishaji wa majibu ya mitihani. Ufaulu ukiruka kupita kiasi ndani ya mwaka mmoja, ulinganishe na mtihani mwingine ambao shule haina sababu ya kuuogopa.

Tazama nje ya uzio wa shule

Soko lina tabia ya kujitokeza pale ambapo sera haikulitaja. Korea Kusini ilipiga marufuku masomo ya ziada ya kulipia mwaka 1980 ili kusawazisha nafasi za watoto, lakini masomo hayo yaliendelea kwa siri, na mwaka 2000 Mahakama ya Katiba ilibatilisha katazo hilo. China ilichukua hatua kali mwaka 2021 dhidi ya kampuni za tuisheni zinazochukua faida katika masomo ya mtaala. Kwa mchunguzi jambo la kuandika ni moja: kaya za kila kundi la kipato zinatumia kiasi gani kwa masomo ya nje ya shule, na je, walimu walewale wa mchana ndio wanaouza jioni? Ikiwa ndio, sehemu ya somo iliyopaswa kutolewa bure darasani huenda inahifadhiwa kwa wanaolipa.

Rudi baada ya miaka mitano, kisha kumi

Taarifa ya mwaka wa kwanza ina thamani ndogo. Utengano hukua polepole, kwa kuwa wazazi huhama mmoja mmoja na ndugu hufuata kaka na dada zao. Waendeshaji nao hufilisika: nchini Uswidi mwaka 2013 kampuni moja kubwa ya shule, iliyomilikiwa na mfuko wa uwekezaji, ilianguka na kuwaacha maelfu ya wanafunzi wakitafutiwa mahali pa kwenda katikati ya masomo yao. Angalia, basi, kama sera ina mpango wa siku shule itakapofungwa: nani atawapokea watoto, na ni nani anayelazimika kuweka nafasi za akiba. Kwa kawaida ni shule ya umma iliyo jirani, ambayo hailipwi kwa kazi hiyo.

Angalia vilevile kama makosa yanasahihishika. Chile, baada ya maandamano makubwa ya wanafunzi mwaka 2006, iliongeza ruzuku maalumu kwa watoto maskini mwaka 2008. Baada ya maandamano mengine ya mwaka 2011, sheria ya ujumuishi ya mwaka 2015 ilianza kuondoa hatua kwa hatua ada ya nyongeza, faida na mchujo katika shule zinazopokea fedha za umma. Tangu kuanza kwa mfumo hadi sheria hiyo ni miaka 34, muda wa kutosha kwa mtoto wa kwanza kuwa mzazi wa mwanafunzi. Uhamisho wa haki kwenda kwa shule huwa mwepesi, kuurudisha huwa vita, kwa sababu kila kanuni huzaa kundi linaloifaidi.

Uandike uliyoyapata

Unapoandika taarifa, ihusishe kila athari na kanuni iliyoizaa. Badala ya kuandika kwamba sera ya soko imeongeza matabaka, andika kwamba ruhusa ya kutoza ada ya nyongeza, ikiambatana na mchujo wa waombaji, imeondoa watoto wa kundi fulani katika shule fulani kwa kiasi hiki, kati ya mwaka huu na ule. Sentensi ya namna hiyo inaweza kukaguliwa, na muhimu zaidi, inamwonyesha mtunga sera kifungu cha kubadilisha. Waziri anaweza kuikataa itikadi yako kwa neno moja. Kifungu kilichoambatana na tarakimu humlazimu kujibu.

Weka faida zilizopatikana katika ukurasa uleule na hasara, siyo katika kiambatisho. Kama wasichana wa kijijini wamepata shule karibu kwa sababu mwendeshaji binafsi alikwenda ambako serikali haikwenda, liseme hilo kwa uzito unaostahili, kisha useme pia walilipa nini na waliobaki katika shule ya zamani ni akina nani.

Toa matokeo kwa makundi kabla ya kutoa wastani: robo ya chini ya kipato kwanza, wenye ulemavu, wanaozungumza lugha tofauti na ya kufundishia, wasichana kwa wavulana. Na chini ya jedwali la mwisho ongeza safu moja ambayo taarifa nyingi huikosa, ya watoto waliokuwa katika daftari wakati sera inaanza na ambao sasa hawaonekani katika shule yoyote uliyoipima. Andika idadi yao hata kama hujui walipo, kisha umkabidhi afisa elimu wa eneo orodha hiyo pamoja na taarifa, na umtake aeleze kwa maandishi walikokwenda.